Jina Lililonyamazisha Mashine

Ilibidi nikae kwenye ngazi ya kliniki. Watu wa foleni walidhani ni presha, kwa maana ni presha iliyotupeleka wote pale, lakini haikuwa presha. Ilikuwa ile mashine ya askari wa geti, ile nyeusi kama mwiko wanayokupitishia mwilini kutafuta chuma. Msichana wa geti, Mwikali jina lake, nilimuuliza, alikuwa ameishika tu hewani, hajamgusa mtu, na ikaanza kulia yenyewe. Kilio chembamba, kikakatika, kikarudi, kama mtoto aliyelia mpaka sauti ikamwishia na bado hajapewa anachotaka. Mwikali akaipiga pajani mara mbili. Akaniambia, kama vijana wa mjini wanavyotuita sisi nyanya, "Shosh, usishtuke, hii kitu inajililia tu tangu asubuhi."

Nilipopata pumzi nikamwambia afungue mahali pa betri. Ilikuwa kama nilivyodhani. Vile vifungo viwili vinavyoshika kichwa cha betri vilikuwa vimepanuka, havibani, na betri yenyewe inacheza ndani kama jino la mtoto. Nikamwambia avibane kidogo kwa koleo, halafu akunje kipande cha boksi akisukume nyuma ya betri itulie. Akafanya hivyo, mashine ikanyamaza. Akaniuliza nilisomea wapi ufundi. Mimi shule niliiacha darasa la nne. Nikamwambia nilimwangalia baba yangu Jumapili moja huko Mbotela, na sikusema zaidi, maana nyuma yangu kulikuwa na watu wagonjwa kuliko mimi. Lakini nyinyi wa rika langu, mliolelewa kwenye zile nyumba za chumba kimoja, naweza kuwaambia yote.

Mbotela, estate ya Nairobi, tulikaa chumba kimoja, pazia katikati. Upande wa ndani kitanda cha baba na mama, upande wa mlangoni meza, kabati la vyombo, na mkeka wangu ambao mchana ulikunjwa. Baba yangu, Eliakimu, alikuwa askari wa geti kwenye kiwanda kimoja Industrial Area, kiwanda cha kutengeneza mifereji ya shaba, ile ya kufungulia maji. Asubuhi alivuka reli kwa miguu na jioni alirudi kwa miguu. Kazi yake ilikuwa kuwakagua wafanyakazi wakitoka, maana shaba ilikuwa ikitembea, inatoka kwenye soksi, inatoka kwapani, inatoka kwenye mkebe wa chakula chini ya sima. Ndipo wenye kiwanda wakaleta mashine ya kushika mkononi. Wafanyakazi wakaipa jina Shemeji, kwa sababu, walisema, ni shemeji tu anayeweza kukushikashika kiuno mbele za watu na usikasirike. Baba alipotusimulia mama alicheka mpaka akaweka mtoto chini.

Huyo mtoto ndiye mdogo wangu, Sitati, na lazima niwaambie alivyolipata jina hilo, kwa sababu mambo yote yalianzia hapo.

Alipozaliwa, nyanya yangu alitoka magharibi kuja kutusaidia. Kwetu, ng'ambo ya mto Nzoia, nyanya tunamwita kukhu. Kukhu Nafula, mama yake baba. Kwa mdomo alikuja kulea mtoto. Kwa moyo alikuja kumtafuta mwanawe wa mwisho, Wekesa, ndugu mdogo wa baba, aliyetoka nyumbani kutafuta kazi na akapotea misimu mitatu ya mahindi bila barua wala salamu. Kila siku Kukhu alikaa mlangoni juu ya kigoda, amegeukia barabara. Aliyepita akizungumza lugha yetu alisimamishwa: umemwona kijana mrefu, ana kovu hapa, anaitwa Wekesa? Wengine walianza kupitia nyuma ya choo ili wasiulizwe tena.

Sasa, mtoto alipofika wiki ya pili akalia. Akalia siku nzima, usiku, na siku ya pili, akalikataa ziwa. Mama alikuwa amevimba macho. Kukhu akamchukua, akamlaza kwenye mapaja, akaanza kuwaita watu wetu waliokufa, mmoja mmoja, polepole, kama mtu anayegonga milango. "Masinde, kama ni wewe, nyamaza, tumekusikia." Mtoto akalia. "Nabwire, kama ni wewe, nyamaza, tumekusikia." Akalia. Aliwaita wengi. Alipofika kwa Sitati, babu yake baba, mtoto akanyamaza, akashusha pumzi, akalala. Kukhu akasema basi, ndiye aliyekuwa akidai akumbukwe, na kuanzia saa hiyo mtoto akawa Sitati. Ndivyo kwetu watoto wanavyopewa majina, na hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi.

Mimi nilikuwa na miaka minane hivi. Kichwani mwangu jambo lile lilikaa namna yake: kwamba kitu chochote kikilia bila sababu, ndani yake kuna mtu wetu aliyekufa, anataka kutajwa. Siyo mtoto tu. Chochote. Nilimsumbua Kukhu anifundishe majina yote, na nikayameza yote, na namna kila mmoja alivyokufa. Mlango wa choo uliokuwa ukilia nikaupa Khaemba. Paka wa jirani yetu Mama Akinyi, aliyekuwa akililia kwenye mabati, nilimwitia majina kutoka chini mpaka akanyamaza kwa Lusweti, na mimi nikaendelea kumwamkia Lusweti kila asubuhi. Kukhu alinionya jambo moja tu. Aliye hai hatajwi pale. "Ukimtaja, umemhamisha," alisema, na hakueleza amehamishwa kwenda wapi, na mimi sikuuliza kwa kuwa nilijua.

Ndipo Shemeji akaharibika. Jioni moja alimlilia mzee mmoja, Kilonzo, wakamvua mpaka akabaki na kaptula, hana kitu. Muda huo huo akampitisha mwingine kimya, na hapo nje ya geti mfereji ukamdondoka mtu huyo kwenye suruali mbele ya msimamizi. Msimamizi akasema mashine iwe imepona Jumatatu, la sivyo askari aliyekuwa ameishika aende nyumbani. Aliyekuwa ameishika ni baba. Akaileta Jumamosi, imefungwa kwenye taulo kama mkate.

Akaiweka juu ya kabati la vyombo. Akaiwasha, akaiacha hivyo, maana alitaka aisikie ikilia ili ajue kasoro iko wapi. Haikulia. Jioni yote ilikaa kimya kama mgeni aliyeletwa kwa nguvu. Sisi tulikula tukiitazama. Asubuhi ya Jumapili baba na mama wakaenda kanisani na mtoto, na baba alikuwa amesahau kuizima. Mimi niliachwa na Kukhu kwa sababu mguu wake ulikuwa umevimba, hakuweza kutembea.

Ilikuwa karibu saa sita mchana. Nakumbuka jua lilivyoingia mlangoni likasimama kwenye sakafu, na harufu ya maharagwe kwenye jiko nje. Estate yote ilikuwa kimya, wakubwa wako kanisani, watoto wako uwanjani. Nilikuwa nikichambua mchele kwenye ungo. Gari la moshi la mizigo likapita, refu, vyombo vikatetemeka kabatini kama kawaida, likaisha. Na lilipoisha ndipo ile kitu ikaanza kulia.

Sijui nikiandika mtaisikia. Haikuwa sauti ya kengele wala ya honi. Ilikuwa nyembamba, inapanda, inakwama, inameza, inapanda tena. Ilitoka ndani ya taulo. Ungo uliniponyoka.

Kukhu akageuza kichwa polepole kutoka mlangoni. Akauliza, "Ni nani huyo?"

Nikamwambia ni mashine ya baba.

"Najua ni ya baba yako. Nauliza anayelia ni nani."

Akanituma niishushe. Sikutaka, lakini mtu hakatai akitumwa na Kukhu, basi nikapanda kiti, nikaichukua pamoja na taulo lake, na nilipoishika sauti ilibadilika mkononi mwangu, ikawa ya karibu, kama imenitambua. Nikaiweka mezani mbele yake. Kukhu hakuifunua. Aliweka kiganja juu ya taulo, alivyokuwa amekiweka juu ya kifua cha Sitati, akaanza.

"Masinde, kama ni wewe, nyamaza, tumekusikia." Ikalia.

"Nabwire, kama ni wewe." Ikalia.

Akamwita Kundu. Akamwita Wanyonyi, aliyechukuliwa na maji. Akamwita Namalwa, aliyekufa na mapacha tumboni, na hapo sauti ikakwama, tukangoja, ikarudi. Alipoanza kuchoka nikawa namsaidia, yeye jina moja, mimi jina moja, na ile kitu inatulilia sote wawili. Nikamtaja hata Lusweti, ingawa nilijua yuko kwa Mama Akinyi. Jua lilikuwa limehama sakafuni. Kukhu akaegemea nyuma, midomo imekauka. Akasema wameisha. Akasema hana mwingine.

Mimi nilikuwa naogopa, na nilikuwa pia na majivuno, haya mawili nakumbuka yalikuwa pamoja. Nilitaka niwe mimi niliyepata. Nikatafuta kichwani jina lililobaki, na lililobaki lilikuwa moja, lile lililotajwa mlangoni kwetu asubuhi na jioni mpaka likawa kama jina la chumba chenyewe. Lilitoka kabla sijalishika.

"Wekesa."

Ikanyamaza.

Haikufifia. Ilikatika, kama mtu amezibwa mdomo. Nikasikia maharagwe yakichemka nje.

Kukhu hakunipiga wala hakunifokea. Aliondoa mkono kwenye taulo. Akashuka kwenye kiti, polepole kwa sababu ya ule mguu, akakaa sakafuni, akavua kitambaa cha kichwa na kunyoosha miguu mbele, na mimi nilikuwa nimeona matanga ya kutosha kujua maana ya mwanamke kukaa hivyo. Akaniambia nifunge mlango. Tulipokuwa gizani, akasema, "Ni mimi nimemtaja. Umesikia? Wakikuuliza, ni mimi."

Baba na mama walipofungua mlango walimkuta bado sakafuni. Aliwaambia Wekesa amekufa. Baba akauliza nani ameleta habari, na Kukhu akaonyesha meza.

Sijawahi kumwona baba akisonga haraka vile. Alilivuta taulo, akachukua kisu cha mboga, akafungua skrubu za mahali pa betri, na akanivuta mimi nishike kifuniko. Nafikiri alitaka mtu mmoja katika nyumba ile aone. Spring ya kusukuma betri ilikuwa imelala, haina nguvu, imeota kutu nyeupe na kijani mahali betri ilipotoa maji. Upande wa pili waya ulikuwa umeshikwa na uzi mmoja tu mwembamba kama unywele. Baba akaeleza kwa sauti ya juu, akisema na mimi lakini ni kwa Kukhu. Tazama. Betri inagusa, haigusi. Gari la moshi limepita, nyumba imetikisika, ikagusa vibaya, ikalia. Mmeweka mikono mezani, mmetikisa, ikaacha. Ni hayo tu. Akakwangua kutu kwa ubavu wa kiberiti. Akaivuta spring kwa meno mpaka ikasimama. Akachoma msumari kwenye jiko la maharagwe, akayeyusha tone la risasi aliyokuwa nayo ya kuziba sufuria, akaushikiza waya. Akachukua karatasi ya fedha kwenye pakiti ya sigara iliyotupwa nje, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya spring. Mwisho akakata kipande cha tyubu ya baisikeli, akakibana kando ili betri zisicheze. Akaifunga, akaitikisa mbele ya uso wa mama yake, kwa nguvu, mara nyingi. Kimya. Akaipitisha juu ya kisu. Ikalia vizuri, kilio kimoja kinene. Akaiondoa. Kimya.

"Umeona, mama? Ni betri ilikuwa imelegea."

Kukhu alikuwa ameitazama kazi yote bila kupepesa. Akasema, "Nimeona. Sasa niambie, mwanangu. Ilikuwa imelegea kwa Masinde. Ilikuwa imelegea kwa Nabwire, na Kundu, na wote. Kwa nini ilikaza kwa Wekesa?"

Baba akaifunga mashine tena kwenye taulo. Hata leo ningetaka kujua angejibu nini.

Jumatatu mashine ilirudi kazini na ikafanya kazi yake, na baba akabaki na yake. Kukhu alirudi nyumbani wiki hiyo hiyo, na mguu ule mbaya, hakuna aliyeweza kumzuia. Baba alimwomba angoje. Baadaye aliandika barua ya kumwomba asizike kwanza, lakini barua ilifika imechelewa. Kwetu mtu akifa mbali na mwili usipatikane, unakatwa mgomba, unafungwa shuka, unazikwa mahali pake ili asihangaike. Kukhu alimzika Wekesa kabla mvua haijaanza, kando ya baba yake, akanyoa kichwa. Mama alilia tulipopata habari. Mimi sikulia. Nilikuwa nimeacha kuita majina. Kitu kikilia, niliziba masikio.

Alikuja mchana, mahindi ya mvua hizo yakiwa yameshavunwa. Nilikuwa kwenye mfereji wa estate nikijaza mtungi, na mtu mrefu mwenye kovu akasimama upande wa jua, akauliza kama mimi ni mtoto wa Eliakimu. Nilimjua kabla hajamaliza. Maji yalijaa mtungi, yakamwagika, yakanifika miguuni, na sikuweza kufunga mfereji. Akaufunga yeye. Mkono wake ulikuwa na michubuko ya katani, kwa kuwa huko ndiko alikokuwa, mashamba ya katani upande wa Taveta, ameona haya kurudi mikono mitupu na hajui kuandika barua. Mambo hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua moja tu, kwamba kuna kaburi lenye jina lake, na kwamba aliyemweka humo ni mimi, na sasa ananibebea maji.

Mama alimpa kiti na yeye mwenyewe akashindwa kukaa. Baba aliporudi alicheka, akalia, akacheka, akamshika masikio kama mbuzi wa kununuliwa soko la Kiamaiko. Usiku ule ule akaandika nyumbani. Jibu lilikuja kwa mwandiko wa mwalimu wa kule, na baba akalisoma kwa sauti kabla hajajua lina nini. Kukhu alisema hivi: mwenye jina hilo amemzika yeye mwenyewe. Mgeni aliyekuja apewe chakula, apewe pa kulala, asikose kitu. Lakini asiletwe nyumbani.

Wekesa aliichukua barua, akaikunja, akaitia mfukoni ingawa hakujua kuisoma. Kesho yake akaenda kutafuta kibarua Industrial Area.

Mguu wa Kukhu ukazidi, ikabidi aletwe Nairobi kwa madaktari, na hakukuwa na pengine pa kumweka ila chumba kile kile. Aliingia amejifunika shuka upande mmoja wa uso, akaketi akielekea ukuta. Kwa wiki nne walikaa, mama na mwanawe, hatua tatu kati yao, na Kukhu hakumwangalia. Chakula cha Wekesa Kukhu alikipakua yeye mwenyewe, hakumwachia mama kazi hiyo, tena alimpakulia kingi, lakini alikiweka nje ya kizingiti, chini, akageuka. Hivyo ndivyo kwetu wanavyowekewa waliotangulia. Wekesa alisubiri ageuke kabisa, kisha akatoka akala pale akichutama. Watu wa estate waliona. Mama Akinyi, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, alimuuliza siku moja, "Wekesa, kwani huyo ni mama ama ni mama mkwe?" Wekesa akacheka, ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka, na wali ukampalia.

Kama Kukhu alikuwa na neno kwake, alilisema kupitia kwangu. Niliitwa, nikasimama katikati.

Mimi sikuweza kulala. Nilikuwa nimefanya hesabu yangu ya kitoto nikaona kila kitu kinatoka mdomoni mwangu. Siku moja wote wako kazini, mama kaenda sokoni Burma, nikapeleka beseni la maji ya moto nimwoshe Kukhu mguu, na nikamwambia. Kwamba ilikuwa betri. Kwamba niliona kwa macho yangu spring na ule waya. Kwamba aliyelitaja jina ni mimi na yeye anajua ni mimi, basi anikasirikie mimi, amwangalie Wekesa.

Aliniacha nimalize. Mguu ulikuwa ndani ya maji, umevimba, unang'aa. Akasema, "Najua ni betri. Nilijua siku nilipoisikia sauti ya mgeni mlangoni."

Nikamuuliza sasa kwa nini.

Akanieleza taratibu, kama anavyonieleza namna ya kuchagua mbegu. Kaburi alilifungua kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu, akaliambia linampokea Wekesa, na likapokea. Limeshiba. Limelala. Limeota nyasi. Siku atakayomtazama usoni amwite mwanangu, kaburi litasikia. Litajua lilipewa mgomba. "Na deni la namna hiyo," akasema, "halidai mgomba mwingine."

Maji yalikuwa yamepoa na sikuwa nimeyaona yakipoa. Akaniuliza, "Sasa wewe unataka nimwite?"

Nikasema hapana. Nikasema haraka, kwa sauti ndogo, lisije likasikia.

"Basi nisaidie," akasema. Nikamkausha mguu.

Tangu hapo nilifanya kazi ile ya kupeleka maneno kwa moyo wote. Na nilipokuwa nikiifanya nikagundua jambo ambalo wakubwa hawakuliona, kwa kuwa mimi nilikuwa mfupi na macho yangu yalikuwa chini pamoja na ya Kukhu. Uso wa Wekesa hakuuangalia hata mara moja, lakini miguu aliiangalia. Kila alipopita, Kukhu aliinamisha kichwa kama anatafuta sindano, na macho yakaifuata ile miguu kutoka mlangoni hadi kwenye pazia, na kurudi. Ndiyo aliyojiruhusu.

Asubuhi ya kuondoka kwa Kukhu mvua ilikuwa ikinyesha. Mzigo wake ulikuwa umefungwa. Baba alikuwa ametoka kwenda kutafuta mkokoteni wa kumfikisha kituo cha basi. Wekesa alikuwa amesimama mlangoni, bila viatu, hajui kama aingie au atoke, na Kukhu amekaa kitandani akielekea ukuta, kichwa kimeinama. Akaniita.

"Mwambie mgeni," akasema, "kidole kidogo cha mguu wa kushoto kimepasuka. Apake mafuta ya ng'ombe, mama yako ninamwachia. Mwambie asitembee chini hivyo, sakafu ya huku ina baridi, si kama ya kwetu." Nikadhani amemaliza. "Mwambie nimekiona tangu Jumanne. Mwambie hakuna siku sijakiona."

Wekesa alikuwa hatua tatu. Mkono wake ulikuwa umeshika fremu ya mlango, na maji ya mvua yanamtiririka shingoni. Nikageuka, nikamwambia neno kwa neno, ingawa alikuwa amesikia.